JUDITH LEYSTER NA NYOTA YAKE

Nataka kuwaeleza kwa ufupi maisha ya mwanamke mmoja wa Uholanzi, ambaye kazi yake ilisifiwa kwa majina ya wengine muda wa miaka mingi.

Judith Leyster alizaliwa katika mji wa Haarlem mwaka 1609, mtoto wa nane wa mtengenezaji wa pombe. Jina la Leyster lilikuwa la kiwanda chao, nalo maana yake ni nyota iongozayo mabaharia. Judith alipokuwa angali kijana, baba yake alifilisika. Hata hivyo alishika brashi, na mwaka 1633 akapokewa katika chama cha wachoraji wa Haarlem, ambamo wanawake walikuwa wachache mno.

Alipenda kuchora watu wa kila siku: wapiga fidla, watoto wachekao, na wachezaji. Picha yake moja ya mwaka 1630 hivi yaonyesha wanaume wawili na mwanamke mmoja, usiku, kando ya ubao wa triktraki, mchezo wa kete na dadu. Nilipoiona katika kitabu cha maktaba, niliwakumbuka wenzangu bwenini wanavyoinamia drafti siku ya Jumamosi.

Mwaka 1635 mwanafunzi wake mmoja alimwacha akaenda kwa Frans Hals, mchoraji mashuhuri. Judith hakuogopa ukubwa wa Hals; alipeleka shauri mbele ya chama. Hals alitozwa faini, na Judith naye pia, kwa kuwa hakumwandikisha mwanafunzi huyo.

Mwaka 1636 aliolewa na mchoraji Jan Miense Molenaer, wakahamia Amsterdam. Alizaa watoto watano, wakakua wawili tu. Alifariki mwaka 1660.

Baadaye alisahauliwa kabisa. Picha zake zilihesabiwa kuwa za Hals au za mumewe. Ndipo mwaka 1893 mtaalamu Hofstede de Groot akaitambua alama yake: herufi J na L zilizofungamana, pamoja na nyota. Alama hiyo ndogo ndiyo iliyomrudishia heshima yake.

Ndugu zangu, muhula uliopita nilichora ramani ya Afrika kwa ajili ya darasa letu, nisiandike jina. Wageni walipokuja walimsifu mwenzangu, naye hakukanusha. Mimi nilinyamaza, nikidhani kwamba kunyamaza ndiyo adabu. Sasa naona nilikosea. Kutia jina si kujisifu. Ni kuikubali kazi yako, pamoja na makosa yake. Na ukisifiwa kwa kazi ya mwingine, mtaje mwenyewe angali hai.

Ramani hiyo ingali ukutani. Jana nimeandika jina langu pembeni, kwa herufi ndogo.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne