Siti binti Saad: Aliyezaliwa Akaitwa Mtumwa

Rodi Kopany ni pale ziachanapo njia za Homa Bay, Rongo na Karungu, mbali sana na minazi yetu. Huko, kijana mmoja wa Kijaluo, mpigaji nyatiti, alinionyesha filamu ya maisha ya Bi Kidude wa Unguja, iliyotoka mwaka 2006, kisha akataka kujua bibi yule uimbaji aliupata kwa nani. Nikamjibu kuwa kwa Siti. Hakumjua. Wala si ajabu, maana hata vijana wetu wa pwani wengi wamebakiwa na jina tu. Basi na tumsimulie.

Marehemu Siti binti Saad alizaliwa Fumba, kusini ya mji wa Unguja, takriban mwaka 1880. Baba yake asili yake Mnyamwezi, mama yake Mzigua. Mtoto akaitwa Mtumwa, na jina hilo halikuwa la mzaha, kwani utumwa Unguja haukupigwa marufuku mpaka mwaka 1897. Kusoma na kuandika hakufunzwa. Alichojifunza ni ufinyanzi. Akifinyanga vyungu, akavichoma, akajitwika, akavitembeza mitaani akinadi kwa sauti yake. Nami sina shaka kuwa walikuwako walionunua chungu wasichokihitaji.

Mwaka 1911 akahamia mjini. Ali Muhsin, mjuzi wa taarabu, akamfunza kuimba. Wakati huo taarabu, iliyoletwa kutoka Misri zama za Seyyid Barghash, ilikuwa ya majumba ya wakubwa, ikiimbwa kwa Kiarabu, na waimbaji wake wanaume. Yeye ni mwanamke, tena wa shamba, tena mwana wa watumwa! Huko mjini ndiko lilikoshika jina la Siti, ambalo kwa Kiarabu ni bibi mwenye heshima.

Wenzake walikuwa Subeti bin Ambari, Buda bin Swedi, Mwalim Shaaban na Mbaruk Talsam, fundi wa udi mwenye asili ya Mombasa. Kiarabu Siti alikiimba vizuri kwa kukihifadhi moyoni. Lakini kilichomtoa ni Kiswahili. Kwake Ng'ambo, mtaa wa wanyonge, nyimbo zilitungwa juu ya mambo yaliyotokea kweli: dhuluma, hukumu za mahakama, wizi wa makarani. Wimbo wake wa Kijiti ulieleza habari ya mwanamke mgeni wa Dar es Salaam aliyeuawa Unguja. Muuaji akatorokea bara, wakafungwa wanawake waliomkaribisha. Sisi waandishi wa magazeti tungeiandika habari hiyo, kesho yake ikafungiwa samaki. Yeye aliiimba, na mpaka leo inajulikana.

Mwaka 1928 yeye na wenzake walivuka bahari hadi Bombay, Bara Hindi, kurekodi santuri za kampuni ya His Master's Voice. Sauti ya mfinyanzi wa Fumba ikawa yasikika Mombasa, Lamu na Dar es Salaam, katika nyumba ambazo mwenyewe hajapata kukanyaga. Hasidi hawakukosa. Walimsema kwa nasabu yake, wakamsema na kwa sura yake. Naye hakuwatukana, akawajibu kwa wimbo ulioiweka akili juu ya uzuri. Kwa maoni yangu, sisi watunzi wenye kupenda malumbano hatujamfikia kwa adabu hiyo.

Siku zake za mwisho alimjia Shaaban Robert, akamwuliza habari za maisha yake, na kutokana na mazungumzo hayo akaandika Wasifu wa Siti binti Saad, kitabu kilichosomwa shuleni na wengi wetu. Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mwaka 1988 waandishi wanawake wa Tanzania walipoanzisha gazeti lao, waliliita Sauti ya Siti. Na Bi Kidude, aliyejifunza kwa kumsikiliza, aliendelea kuziimba nyimbo zake karibu mpaka kufa kwake, Aprili 2013.