HIDETSUGU YAGI NA VIJITI VYA JUU YA PAA

Juu ya mapaa ya nyumba nyingi mijini bado husimama mlingoti wenye vijiti vya alumini, vilivyopangwa mfano wa mifupa ya samaki. Watu huuita antena, basi, na ni wachache wanaojua ya kuwa antena ya namna hiyo ina jina la mtu. Mtu huyo ni Hidetsugu Yagi, Mjapani aliyezaliwa Osaka mwaka 1886. Tunapenda wasomaji wetu wafahamu habari zake, pamoja na habari za mwenzake ambaye jina lake husahauliwa.

Yagi alihitimu katika Chuo Kikuu cha Tokyo mwaka 1909, na mwaka 1913 alikwenda ng'ambo kuongeza elimu. Alisoma Ujerumani kwa Heinrich Barkhausen. Vita vya 1914 vilipozuka akahamia Uingereza kwa John Ambrose Fleming, kisha Marekani. Aliporejea kwao alifundisha katika mji wa Sendai, na huko ndiko kazi kubwa ilikofanyika.

Yagi alisadiki ya kuwa mawimbi mafupi sana ya simu ya upepo yangeweza kuelekezwa upande mmoja, kama mwanga wa kurunzi, badala ya kutawanyika pande zote. Lakini aliyekaa na vyombo, akapima, akabadili urefu wa vijiti na nafasi iliyo kati yake, kisha akapima tena, ni msaidizi wake kijana, Shintaro Uda. Jambo walilolipata ni la ajabu kwa wepesi wake. Katika vijiti vyote hivyo, kimoja tu huunganishwa na redio kwa waya. Kilicho nyuma yake ni kirefu kidogo kuliko hicho, nacho huyarudisha mawimbi kama kioo. Vilivyo mbele ni vifupi kidogo, navyo huyaongoza mawimbi yaendelee mbele. Havikufungwa waya wowote. Hupokea nguvu hewani kwa jirani yao na kuitoa tena.

Uda alianza kuchapisha matokeo yake kwa Kijapani mwaka 1926. Ombi la hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, lilikwisha kupelekwa na Yagi bila jina la Uda. Mwaka 1928 Yagi aliueleza uvumbuzi huo kwa Kiingereza katika jarida la wahandisi wa redio huko Marekani, na tangu hapo dunia ikauita kwa jina lake. Tusimwonee marehemu: katika makala ile alimtaja Uda na kuikiri kazi yake. Hata hivyo, wasomao makala ni wachache, na wanaolitaja jina ni maelfu. Kwa maoni yetu, mwalimu angaliweza kumtendea mwanafunzi wake vema zaidi.

Jeshi la Japani halikuujali uvumbuzi huo. Mwezi wa Februari 1942 liliiteka Singapore, likakuta maandishi ya Waingereza juu ya rada, na ndani yake neno moja lililowashinda maofisa, hata namna ya kulitamka hawakuijua. Walipomwuliza mfungwa wa Kiingereza, aliwaeleza ya kuwa hilo ni jina la mwenzao, Mjapani aliyeibuni antena ile. Adui alikwisha kuitumia, nao hawana habari!

Yaliyofuata ni mazito zaidi. Mabomu ya atomiki yaliyoangushwa Hiroshima na Nagasaki mwezi wa Agosti 1945 yalikuwa na rada ndogo za kupima umbali wa kufika chini, ili yalipuke yakiwa bado angani. Na antena za rada hizo zilikuwa za Yagi. Bomu la Nagasaki lililipuka karibu na kanisa kubwa la Wakatoliki la Urakami, likalibomoa, na waamini waliokuwamo wakafa pamoja na mapadre wao. Vijiti ni vile vile vilivyopimwa kwa subira kule Sendai.

Vita vilipokwisha, antena hiyo ilipanda juu ya mapaa pamoja na televisheni. Waliokwisha kuipenda kupita wengine ni watu wa redio ya ridhaa, ambao huongea hewani kwa mapenzi tu, pasipo mshahara. Katika mawimbi ya mita 20 kijiti kimoja hufikia mita 10 hivi, hata huwabidi kusimamisha mnara na kuigeuza antena kwa mota kuelekea nchi waitakayo. Katika mawimbi ya mita 2 kijiti ni kama mita moja, na mtu aweza kuishika antena mkononi akiifuatisha setilaiti ipitapo. Wengine hufunga antena kadhaa pamoja, wakazielekeza mwezini, na baada ya sekunde mbili na nusu hivi husikia mlio wao wenyewe ukirudi.

Yagi alipewa Nishani ya Utamaduni ya Japani mwaka 1956. Alifariki Januari 1976, na Uda akamfuata mwezi wa Agosti mwaka ule ule. Vitabu vya wataalamu siku hizi huandika Yagi-Uda. Walio hewani bado husema Yagi.