MSOMI ALIYEKOSA KITU KIMOJA

Kijana mwenzangu, umepewa karatasi hii labda uwanjani, labda stendi, labda unashuka kwenye kivuko cha Kamanga. Usiifungie karanga kwanza. Mtu ninayetaka kukusimulia habari zake aligeuzwa na kijitabu kidogo kama hiki, tena akiwa humu humu katika ziwa letu. Na ujue, siku anakisoma alikuwa tayari ni mhubiri!

Jina lake George Lawrence Pilkington. Alizaliwa mwaka 1865, kwao Ireland, akasoma Chuo cha Pembroke kule Cambridge, Uingereza. Alisomea lugha za kale, Kiyunani na Kilatini, akafaulu daraja la kwanza. Huyo ndiye msomi, jamani, si sisi wa darasa la saba. Siku zile Cambridge ilikuwa imetikisika. Mwanzoni mwa mwaka 1885 vijana saba, wengi wao wa chuo kikuu hicho, waliacha sifa na mali wakaenda China kuhubiri. Mmoja alikuwa Studd, mcheza kriketi wa timu ya Uingereza, na mwingine Stanley Smith, mpiga makasia hodari. Wanafunzi wakabaki wanaulizana: hivi hawa wameona nini? Katika miaka hiyo hiyo ya chuo Pilkington naye akampa Yesu maisha yake. Akafundisha shule kidogo, halafu mwaka 1890 akaja Afrika.

Hapakuwa na treni wala basi. Yeye na wenzake walitembea kwa miguu kutoka pwani, wakapita Mpwapwa, wakafika Usambiro, kusini mwa ziwa letu. Pale walikuta kaburi la Alexander Mackay, mmisionari aliyefariki Februari mwaka ule ule. Wawili wa msafara wao nao wakafa kwa homa pale pale. Wewe ungeendelea? Pilkington alipanda mashua, akavuka ziwa, na mwisho wa Desemba akafika Mengo, mji wa Kabaka wa Buganda.

Kiganda alikishika upesi hata Waganda wenyewe wakashangaa. Basi unadhani mambo yakawa mazuri? Hapana. Miaka mitatu akahubiri, akafundisha, akatafsiri, na moyoni mkavu. Watu walisoma, wakabatizwa, wakarudi kwenye pombe na mambo yao kama kawaida.

Palikuwa na mtu mmoja, Musa Yakuganda. Huyu alikwenda kwa wamisionari akaomba litangazwe jina lake kwamba ameacha dini, amerudia mambo ya zamani. Wakamuuliza kama ameelewa anachosema. Akawajibu kwamba amesoma miaka saba, wanafikiri hajaelewa? Dini yao haimfaidii kitu, ameachana nayo.

Mimi nampenda Musa. Alisema wazi jambo ambalo wewe umelificha. Umepewa jina la dini na wazazi, labda ulikwenda mafundisho, ukaona hakuna kilichobadilika, ukanyamaza tu, Jumapili ukawa unakwenda Kirumba kuangalia mpira. Musa alikataa kuigiza.

Na neno lake lilimchoma Pilkington, maana alijua tatizo si la Musa peke yake. Mwaka huo 1893 alikwenda kupumzika peke yake kisiwani Kome. Si Kome yetu hii ya Mwanza, ni ile ya upande wa Uganda. Huko akasoma kijitabu cha mhubiri mmoja Mtamili wa India aitwaye David. Kikamwonyesha kwamba anafanya kazi ya Mungu kwa akili zake, bila nguvu ya Roho Mtakatifu. Msomi wa Cambridge akapiga magoti kisiwani, akaomba kama mtoto, akajazwa. Baadaye alikiri kwamba bila siku zile angeiacha kazi kabisa.

Aliporudi Mengo hakujificha. Aliwaeleza wenzake, na tarehe 8 Desemba 1893 wakaanza mikutano bila hata kutangaza. Asubuhi ile walimwombea Musa. Watu wakasimama kwa mamia kutubu, wakubwa kwa wadogo, hata Katikiro, waziri mkuu wa Buganda. Na Musa yule yule akarudi! Mwaka 1894 ulianza na nyumba za kusomea Neno zisizozidi 20 huko vijijini. Ulipokwisha zilikuwa kama 200, na walimu wake walikuwa Waganda wenyewe. Pilkington akaendelea kutafsiri, yeye na Henry Wright Duta, hata mwaka 1896 Biblia nzima ya Kiganda ikakamilika.

Halafu vita. Mwaka 1897 Kabaka Mwanga aliwaasi Waingereza, akashindwa, akakimbilia upande wa Wajerumani. Kabla hali haijatulia, askari wa Kisudani waliokuwa wakiwatumikia Waingereza nao wakaasi. Walikuwa na madai yao: mshahara mdogo na unaochelewa, safari zisizokwisha, na kuachana na familia zao. Wakaingia katika ngome ya Luba, Busoga, kando ya ziwa, wakawaua maofisa watatu waliokuwa mikononi mwao. Jeshi la Waganda likaenda kuwazingira, na Pilkington akaenda nalo kama mkalimani. Kuna wanaouliza mhubiri alifuata nini vitani. Hata mimi nimejiuliza. Ila wale wapiganaji wengi wao walikuwa watu aliowafundisha kusoma.

Tarehe 11 Desemba 1897 walitoka kufyeka migomba iliyokuwa ikiwalisha waasi. Risasi ikampata Pilkington pajani, damu ikamwagika nyingi. Alikuwa na miaka 32. Hapakuwa na mchungaji karibu, alikuwepo kijana wake wa kazi, Aloni. Aloni alimtazama usoni, akamwambia kweli bila kumficha, kwamba anakufa. Akaitikia kwamba ndivyo. Ndipo kijana yule akamkumbusha lile neno ambalo Bwana alimwambia Martha siku ya Lazaro, kuhusu yeye aaminiye. Alimwambia kwa Kiganda, lugha ambayo mwalimu wake alikuwa ametoka kuikamilishia Biblia mwaka mmoja tu nyuma. Pilkington akaitikia tena, akalimalizia mwenyewe lile neno, na wakambeba kutoka kwenye migomba.