Baimungi M'Marete: Bunduki ya Bomba na Serikali Huru

Miongoni mwa viongozi wa Mau Mau waliotoka Meru, Baimungi M'Marete ana nafasi ya pekee. Alinusurika silaha za mkoloni, akaja kuuawa kwa silaha za serikali huru.

Hali ya hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, vita vilivyofuata katika misitu ya Mlima Kenya havikuwa na ulinganifu wowote. Waingereza walileta ndege aina ya Harvard, kisha Lincoln, ndege nzito za kudondosha mabomu zilizobuniwa wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Wapiganaji wa msituni walikuwa na mapanga, mikuki, bunduki chache za kunyang'anya, na nyingine walizojiundia wenyewe. Ufundi huo unastahili kuelezwa. Mtutu ulikuwa kipande cha bomba la maji, kitako kilichongwa kwa mti, na komeo la mlango, likivutwa kwa ukanda wa mpira, ndilo lililogonga risasi. Mara nyingine silaha hiyo ilimpasukia mwenyewe. Ujuzi wa vita nao ulikuwa umesafiri mbali: Waruhiu Itote, yaani Jenerali China, aliyeongoza majeshi ya Mlima Kenya hadi alipokamatwa Januari 1954, alikuwa amepigana Burma akiwa askari wa Uingereza.

Uhuru ulipopatikana Desemba 1963, Baimungi alikuwa angali msituni. Alitoka, lakini hakukubali kuachia silaha kabla wafuasi wake hawajahakikishiwa ardhi. Bunduki ambayo haikufua dafu mbele ya Lincoln sasa ilikuwa na thamani nyingine, kwani ndiyo iliyobaki kuwa dhamana ya madai yao.

Serikali ya Jomo Kenyatta iliiona bunduki hiyo kwa jicho tofauti, na hofu yake haikuwa bila sababu. Januari 1964 askari wa kambi ya Lanet waliasi. Kaskazini, vita vya Shifta vilikuwa vimepamba moto. Kinaya ni kwamba jeshi la taifa lilikuwa KAR ile ile iliyobadilishwa jina, na Waingereza ndio walioendelea kulifunza.

Baimungi alirejea msituni. Muda wa msamaha ulipita, na Januari 1965 vikosi vya usalama vikamuua. Musa Mwariama, kiongozi mwenzake wa Meru aliyetoka msituni wakati wa uhuru, aliishi hadi 1989.