Andrew Common, Fundi wa Mabomba Aliyepiga Picha za Nyota

Wengi wetu hapa shuleni hudhani kwamba elimu ya nyota ni kazi ya mabingwa wanaolipwa mshahara kwa kazi hiyo tu. Kwa sababu hii nimeona vema kuwaeleza wasomaji maisha ya Andrew Ainslie Common.

Alizaliwa mwaka 1841 katika mji wa Newcastle, Uingereza. Baba yake, daktari mpasuaji, alifariki Andrew angali mtoto, hivyo ikambidi kijana aanze kazi mapema. Baadaye alikwenda London, akawa injinia wa mabomba na usafi wa majumba. Mchana alishughulika na maji machafu, na usiku na nyota. Mwaka 1874 alianza kujaribu kupiga picha za mwezi na sayari kwa darubini ndogo.

Mwaka 1879 alisimamisha katika bustani ya nyumba yake, huko Ealing, darubini yenye kioo cha upana wa inchi 36. Kazi haikuwa rahisi. Dunia huzunguka bila kusimama, na darubini isipoifuata nyota polepole, picha huwa mistari mitupu. Basi Common aliifanya sehemu ya mtambo wake ielee katika zebaki, ili mzigo ule mzito ugeuke kwa wepesi.

Faida ya picha ni hii: jicho likikodoa kwa muda mrefu haliongezi kitu, lakini kioo cha picha hukusanya nuru kidogo kidogo, kama mtungi uliotegwa chini ya paa wakati wa mvua. Tarehe 30 Januari, 1883, alipiga picha ya ukungu ulio katika kundi la Orioni. Sisi wa Molo, kwa kuwa tu karibu na Ikweta, mwezi wa Januari tunaliona kundi hilo juu ya vichwa vyetu usiku, na nyota zake tatu zimepangwa mstari mmoja. Picha ile ilionyesha nyota ambazo jicho haliwezi kuziona hata kwa darubini ile ile. Mwaka 1884 Chama cha Kifalme cha Elimu ya Nyota kilimtunukia medali ya dhahabu.

Lakini hakutosheka. Mwaka 1885 aliiuza darubini yake kwa Edward Crossley, akaanza kuunda nyingine ya inchi 60. Hii ilimsumbua sana. Kioo cha kwanza hakikumridhisha, akatengeneza cha pili, na hata hivyo haikufanya kazi kubwa. Alifariki mwaka 1903.

Ile aliyoiuza Crossley aliitoa zawadi mwaka 1895, ikapelekwa Lick, mlimani California, Marekani. Huko Charles Perrine, kwa kupiga picha, aligundua miezi miwili ya sayari ya Mshtarii, wa sita mwaka 1904 na wa saba mwaka 1905. Common hakupata habari hiyo.

Huenda mtu akasema kwamba alipata hasara, kwa kuwa aliuza kilicho chema akabaki na kilichomshinda. Mimi sioni hivyo. Kazi iliyofanywa kwa uaminifu haifi pamoja na mwenyewe, na wengine huiendeleza. Wanafunzi wenzangu, tusingoje vyeo ndipo tuanze kuchunguza. Mbingu iliyo juu ya Molo haimdai mtu ada.