Tom Mboya na Mlango wa Maktaba

Nikifika Nairobi na basi la usiku kutoka Migori, huwa naambia watu wanipate pale kwa sanamu ya Tom Mboya, Moi Avenue. Nadhani nusu ya vijana wa jiji hupanga kukutana hapo. Tunaegemea, tunapiga simu, tunalalamika mtu amechelewa. Ni wachache huinua macho kumtazama huyo msee mwenyewe.

Sasa siku moja ukiwa na dakika kumi za kupoteza, vuka utembee hadi Banda Street. Utakuta jengo la mawe lenye nguzo kubwa na simba wawili mlangoni. Hiyo ni Maktaba ya McMillan. Majina hayo mawili, Mboya na McMillan, yalikutana kabla Mboya hajajua hata kutambaa.

Baba yake aliitwa Leonard Ndiege, mtu wa Kisiwa cha Rusinga, ambacho leo kiko Kaunti ya Homa Bay. Kama wanaume wengi wa Nyanza enzi hizo, aliacha nyumbani akaenda kutafuta mshahara kwa Wazungu. Kazi akaipata kwenye shamba la mkonge la Sir William Northrup McMillan, upande wa Kilima Mbogo karibu na Thika. Ni huko Thomas Joseph Odhiambo Mboya alizaliwa, Agosti 15, 1930.

McMillan mwenyewe alikuwa amefariki 1925. Mjane wake, Lady Lucie, aliamua kumjengea ukumbusho, na ukumbusho huo ukawa maktaba. Ilifunguliwa 1931, mtoto wa Ndiege akiwa bado ananyonya. Na sheria ya mlangoni ilikuwa rahisi: Wazungu pekee. Ilikaa hivyo hadi 1958.

Yaani baba anamenyeka kwa mkonge wa bwana, jina la bwana liko juu ya maktaba, na mtoto wa baba haruhusiwi kuingia kusoma hata kitabu cha picha. Mimi nilipounganisha hayo mambo mara ya kwanza nilinyamaza kidogo.

Mtoto huyo alisoma hata hivyo. Alipelekwa shule za misheni ya Kikatoliki, moja baada ya nyingine. Alianzia Kabaa huko Ukambani. Mwaka wa 1942 akaingia St. Mary's Yala, na 1946 akafika Mang'u. Ukiangalia ramani utaona mtoto anayezunguka nchi nzima akifuata mahali penye mwalimu na kitabu. Hakukuwa na chumba cha vitabu vya watoto mtaani ambako angeingia Jumamosi mchana akachagua mwenyewe. Ulisoma kile misheni ilikupa.

Halafu pesa zikaisha. Baba hakuweza kuendelea kumlipia. Kijana mwenye kichwa kile akatoka Mang'u bila kumaliza safari aliyoitaka. Hapa nakubali nina upendeleo, kwa sababu mimi pia karo ilinishinda nikaacha chuo mwaka wa pili. Tofauti ni kwamba mimi nilirudi nyumbani nikalala wiki tatu. Yeye alitafuta kozi ambayo serikali ilikuwa inalipia, na 1948 akaanza kusomea ukaguzi wa afya. Alihitimu 1950, akaajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi.

Kuna kisa kimoja cha kazi hiyo ambacho Mboya alikieleza baadaye. Alikuwa peke yake ofisini, mama mmoja Mzungu akaingia na chupa ya maziwa ya kupimwa. Mama akatazama huku na huku, kisha akauliza kama hakuna mtu. Mboya alikuwa amesimama mbele yake. Alikuwa mkaguzi aliyehitimu, lakini kwa macho ya yule mama kiti kilikuwa kitupu. Na mshahara nao ulisema vilevile, maana mkaguzi Mwafrika alilipwa sehemu ndogo tu ya alicholipwa Mzungu kwa kazi ileile.

Hiyo hasira hakuipeleka kwa pombe. Aliipanga. Akaunda chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa, na 1953, akiwa na miaka 23, akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi Kenya. Mwaka wa 1955 akaingilia mgomo wa bandari ya Mombasa na wafanyakazi wakapata nyongeza. Mwaka huohuo akaenda Ruskin College, Oxford, kusoma kwa mwaka mmoja. Alirudi 1956, na Machi 1957 watu wa Nairobi wakamchagua kuingia Baraza la Kutunga Sheria.

Simama hapo kidogo. Huyu sasa ni mtunga sheria. Ametoka Oxford, ambako alisoma vitabu kama mwanafunzi mwingine yeyote. Lakini katika mji unaomchagua, maktaba kubwa kuliko zote bado si yake. Mlango ulifunguliwa kwa Waafrika mwaka uliofuata, 1958, na 1962 maktaba ikakabidhiwa Baraza la Jiji, lile lile lililomlipa Mboya mshahara wa nusu mtu.

Sasa, mbona naandika haya kwa ukurasa wa vijana? Kwa sababu maktaba si jengo tu. Lile jengo la Banda Street lilikuwa na vitabu tangu 1931. Rafu zilikuwepo, viti vilikuwepo, simba walikuwepo. Kilichobadilika 1958 ni amri aliyopewa mtu wa mezani kuhusu nani aingie. Mkutubi ndiye mlango. Anaweza kukaa pale kama askari, na anaweza kukaa kama mwenyeji anayekaribisha mgeni.

Mboya naye, ukimwangalia vizuri, alitumia maisha yake kufungua milango ambayo alikuta imefungwa. Kazi inayokumbukwa zaidi ni ndege za wanafunzi. Septemba 1959, vijana 81 walipanda ndege Nairobi kwenda kusoma Marekani. Mboya alikuwa amezunguka vyuo vya kule akiomba nafasi, na watu maarufu kama Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier wakasaidia kuchangisha nauli. Mwaka wa 1960 wakfu wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000 ili ndege ziendelee. Mpaka mpango unaisha 1963, mamia ya vijana wa Afrika Mashariki walikuwa wamevuka. Mmoja wa kundi la 1960 alikuwa msichana kutoka Nyeri aliyeenda Kansas kusomea biolojia. Tunamjua kama Wangari Maathai, aliyeshinda Tuzo ya Nobel 2004.

Uhuru ulipokuja, Mboya alikuwa waziri: Leba, kisha Haki na Katiba, kisha Mipango ya Uchumi. Bunge alilokuwamo ndilo lililopitisha 1965 sheria ya kuunda Huduma za Maktaba za Kitaifa, na kazi ikaanza 1967. Kabla ya hapo, vijijini walitegemea East African Literature Bureau, iliyoanzishwa 1948, ambayo ilituma vitabu kwa posta na kwa masanduku hadi vituo vya kusomea.

Lakini tusimfanye malaika. Mwaka huohuo wa 1965, wizara yake ndiyo iliyosimamia Waraka Nambari 10, mpango wa uchumi wa Kenya mpya. Waraka ulisema pesa za maendeleo ziende kwanza mahali penye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme, ili faida ipatikane haraka kisha isambae kwingine. Mwanauchumi Barack Obama, baba ya yule aliyekuja kuwa Rais wa Marekani, aliuchambua waraka huo hadharani mwaka huohuo. Wengi mpaka leo wanasema mpango ule uliacha sehemu nyingi za nchi nyuma. Mtu aliyeujua uchungu wa kusubiri nje alisaini mpango uliowaambia wengine wasubiri. Nampenda Mboya, lakini hilo silifichi.

Jumamosi, Julai 5, 1969, alipita kwenye duka la dawa Government Road. Akitoka, akapigwa risasi. Alikuwa na miaka 38. Barabara hiyo ndiyo Moi Avenue ya leo, na sanamu iliyowekwa 2011 iko karibu na pale alipoanguka. Nahashon Njenga alihukumiwa kifo kwa mauaji hayo, lakini swali la nani alimtuma halijawahi kujibiwa. Nchi ililia, ghasia zikazuka, na mwili ukarudishwa Rusinga. Kaburi lake liko Kasawanga, ndani ya jengo lenye umbo la risasi.

Ukifika Rusinga kupitia Mbita utaona watoto wengi ufuoni asubuhi ya siku ya shule. Wengine wanasaidia kuvuta nyavu, wengine wanaanika omena. Huku kwetu Migori, upande wa Nyatike, kuna watoto wanaoingia kwenye mashimo ya dhahabu. Ufuo na shimo vina faida moja ambayo kitabu hakina: vinalipa leo jioni. Ukitaka kumshindania mtoto huyo, chumba chenye kufuli na vitabu vya kodi na sheria hakitoshi.

Mimi nilikuwa darasa la tano nilipoingia maktaba mara ya kwanza, moja ya huku Migori. Sikuwa na kadi, sikuwa na sare, nilikuwa na kandambili zilizokatika. Mzee wa mezani alinitazama kutoka juu hadi chini. Nilijua nafukuzwa. Akaniuliza kama nimenawa mikono. Nikanawa bombani. Akaniletea kitabu cha hadithi za wanyama, chembamba, akaniambia nikikimaliza nimsimulie. Sikujua kwamba hiyo ni kazi yake. Nilidhani ni roho nzuri tu.

Ni roho nzuri, lakini pia ni kazi, na ina ufundi wake. Mkutubi wa watoto huweka rafu chini ili mkono mfupi ufike. Huchagua hadithi za Dholuo na Kiswahili ambazo mtoto anaelewa bila kamusi, si marobota ya vitabu vilivyochakaa ng'ambo. Husoma kwa sauti Jumamosi. Hubandika kurasa zilizochanika badala ya kumnyima mtoto kitabu asije akakichana. Na watoto wasipokuja, huwafuata: kule Garissa, tangu 1996, wakutubi hubebesha ngamia masanduku ya vitabu na kuwafikia watoto wa wafugaji. Sisi hatuna ngamia. Tuna boda na tuna boti.

Na tusiseme ni mambo ya Nairobi. Katiba ya 2010 iliweka maktaba mikononi mwa kaunti. Hiyo inamaanisha swali la chumba cha watoto, na la mtu wa kuajiriwa kukikalia, linajibiwa Homa Bay mjini na Migori mjini, kwenye bajeti ile ambayo wananchi hualikwa kutoa maoni na sisi vijana hatuendi. Tuko na chuo kikuu chenye jina la Tom Mboya hapo Homa Bay, na ni jambo la fahari. Lakini anayefika chuoni ni yule aliyepewa kitabu akiwa darasa la tano.

Kwa hivyo wakati wa bajeti ukifika, nenda. Usiulize tu watajenga maktaba ngapi. Uliza nani atakaa mezani, analipwa na nani, na je, atamruhusu mtoto mwenye kandambili zilizokatika aingie.