Denis Burkitt: Mpasuaji aliyefuata nyayo za saratani ya watoto wa ziwani

Kisiwa cha Mfangano, katika Kaunti ya Homa Bay, kimo ndani ya ukanda wa joto na malaria unaolizunguka Ziwa Victoria. Katika ukanda huo huonekana saratani ya watoto ambayo huvimbisha taya au tumbo kwa kasi, na isipotibiwa huua katika muda wa miezi michache. Maradhi hayo yanaitwa kwa jina la mpasuaji aliyeyachunguza, Denis Burkitt.

Burkitt alizaliwa Enniskillen, Ireland, mwaka wa 1911. Akiwa na umri wa miaka 11 alipoteza jicho la kulia, lakini hilo halikumzuia kusomea udaktari mjini Dublin. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia alihudumu Uganda, kwanza Lira, kisha Hospitali ya Mulago, Kampala.

Mwaka wa 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwonyesha mtoto aliyevimba taya zote mbili, kushoto na kulia. Muda mfupi baadaye alimkuta mwingine Jinja. Alipopekua kumbukumbu za hospitali alitambua kuwa uvimbe wa taya na wa tumbo, uliodhaniwa kuwa maradhi mbalimbali, ulikuwa ugonjwa mmoja.

Mwaka wa 1961, yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari zaidi ya kilomita 16,000, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine. Ramani waliyopata ilionyesha kwamba ugonjwa hufuata joto na mvua, na huziepuka nyanda za juu zenye baridi.

Mwaka huohuo Anthony Epstein alisikiliza mhadhara wake London, akaomba vipande vya uvimbe visafirishwe kwa ndege. Seli zake zilikuzwa maabarani, na mwaka wa 1964 Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong wakatangaza kuona virusi ndani yake.

Mwaka wa 1967, huko Philadelphia, Werner na Gertrude Henle pamoja na wenzao waliziua nguvu za kuzaana seli za uvimbe huo kwa miale ya eksirei, kisha wakazichanganya na seli nyeupe za damu za watoto wachanga wenye afya. Zile seli za kawaida zikaanza kuzaana bila kukoma, zikiwa na virusi.

Hata hivyo, watu wazima karibu wote duniani hubeba virusi hivyo bila kuugua saratani. Baadaye ilibainika kuwa katika ugonjwa huu kipande cha kromosomu ya 8 huhama, mara nyingi kwenda kromosomu ya 14, na jeni iitwayo MYC hubaki ikiiamuru seli kugawanyika. Malaria ya mara kwa mara huongeza hatari hiyo.

Kwa kuwa Uganda haikuwa na mitambo ya tiba ya mionzi, Burkitt alijaribu dawa, na baadhi ya watoto wakapona kabisa.

Alifariki Uingereza mwaka wa 1993. Kwa wazazi wa kanda ya ziwa, kazi yake imeacha funzo moja: uvimbe wa taya ya mtoto usichukuliwe kuwa jino tu, kwa maana anayefikishwa hospitalini mapema ana nafasi kubwa ya kupona.